UZI: Kapteni aliyevua gwanda akavaa joho. Wenye kumbukumbu karibuni

KaraniWaMasjala (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni.

Waliopitia korido za mahakama za Milimani, Nairobi, watakuwa wamesikia kwamba Kapteni ametutoka. Tumemzika Jumamosi. Jina lake sitaliandika, familia imeniomba hivyo, na aliyemjua ameshajua ninamzungumzia nani. Kilichonifanya nifungue uzi ni kile kijitabu cha mazishi. Picha za wajukuu tele, shairi, ratiba ya ibada, halafu kuhusu kazi yake mistari miwili: alihudumu jeshini, baadaye akawa wakili. Basi! Ni kweli, lakini ni kama kusema Nairobi ni mji wenye barabara. Nilikuwa karani wake kuanzia enzi za taipureta na karatasi ya kaboni, kwa hivyo ninayo ya kuongeza. Wenye yao pia waongeze.

Nianze na lile lililomtoa jeshini, maana wengi walidhani alifukuzwa au aligombana na wakubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa luteni kijana kule Nanyuki. Jioni moja akaitwa akaambiwa, kesho kuna mahakama ya kijeshi, wewe ndiwe utakayemtetea mshtakiwa. Wakati huo jambo hilo lilikuwa la kawaida. Mwanajeshi aliyeshtakiwa angeweza kujitafutia wakili wa kiraia kama ana pesa, na kama hana, anapewa afisa wa kumtetea. Huyo afisa si lazima awe amesoma sheria hata ukurasa mmoja. Kapteni, kabla hajawa Kapteni, alikuwa amesomea kusoma ramani na kuongoza platuni.

Shtaka lenyewe dogo: askari wa cheo cha chini alitoka kambini bila ruhusa akaenda kumzika mtoto wake, akachelewa kurudi. Askari akasema ruhusa alipewa na ikaandikwa. Luteni wetu akakesha na kitabu cha kanuni alichoazimwa, na asubuhi akasimama akauliza swali moja la maana: daftari la ruhusa liko wapi? Akajibiwa kwamba mwenye funguo za kabati yuko safarini. Akasema, "Ndio, afande," akaketi.

Askari akafungwa, kisha akaachishwa kazi.

Hiyo "ndio, afande" ilimkaa kooni maisha yake yote. Alipokuja kusoma sheria ndipo akagundua kwamba angeweza kudai daftari lile liletwe, angeweza kuomba kesi iahirishwe, angeweza kumwita mwenye funguo kama shahidi. Hakujua, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Ofisini kwetu, mteja akija na hadithi ndefu ya nusu saa, mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza: "Daftari liko wapi?" Daftari lilikuwa kitu chochote kile, risiti, barua, orodha ya zamu, kitabu cha matukio (OB) cha polisi. Makarani wa ofisi nyingine walikuwa wakinipita ngazini wakinitania kwa swali hilohilo.

Sajenti_Mstaafu

Poleni sana jamaa na marafiki. Afande alikuwa kamanda wa platuni yetu. Nathibitisha habari ya kesi ile, ingawa sikuwemo chumbani. Tuliisikia siku hiyohiyo maana kambi haina siri.

Niongeze moja ambalo raia hawalijui. Baada ya mwendo mrefu, maafisa wengi walikuwa wakikagua bunduki kwanza. Huyu alikuwa akitwambia tuvue buti na soksi, tukae chini kwa mstari, halafu anapita akitazama miguu. Anainama kabisa. Anakubonyeza kidole gumba, anauliza kama panauma. Malengelenge aliyaandika kwenye kijidaftari chake pamoja na jina la mtu, na kesho yake ukiwa umeandikwa hupewi mzigo mzito. Sisi vijana tulicheka mwanzo. Baadaye tuliona platuni nyingine zikibeba watu na yetu haibebi mtu.

Na hakutoka kwa hasira, hilo liwekwe wazi. Aliomba kwa barua, akasubiri, akaruhusiwa akiwa na cheo cha kapteni. Alituaga mmoja mmoja mpaka wapishi.

MzeeWaNgara

Mimi namjua wa baadaye, wa chuo. Tulipanga ploti moja Ngara yeye akiwa mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Hebu fikirini, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kuamuru wanajeshi, anabeba vitabu pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita juzi. Walimwita "Baba". Hakukasirika.

Sasa ikaja Agosti 1, 1982. Ilikuwa Jumapili. Asubuhi redio ya VoK, Sauti ya Kenya, inatangaza kwamba serikali imepinduliwa, sauti ni ya Leonard Mambo Mbotela, ambaye tulikuja kujua baadaye alishikiwa bunduki asome. Kufikia jioni jeshi la nchi kavu lilikuwa limeurudisha mji. Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa mbaya kwetu. Wanahewa, yaani askari wa jeshi la anga waliojaribu kupindua, walikuwa wamevua sare wakajichanganya na raia, kwa hivyo wanajeshi walipita mitaani nyumba kwa nyumba wakitafuta nguo za kijeshi, buti, chochote. Ukitembea barabarani ni mikono juu, kitambulisho mkononi.

Na huyu bwana chini ya kitanda ana buti zake za Nanyuki! Na mkoba wa kijeshi! Na ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ambako wanafunzi walikuwa wameshangilia mapinduzi mabarabarani. Angejieleza vipi? Mama mwenye nyumba hakungoja ajieleze. Yeye Kapteni akiwa ametoka kutafuta mkate, mama aliingia kwa ufunguo wake, akachukua buti na mkoba akavitumbukiza vyote katika choo cha shimo. Wanajeshi walipofika walikuta vitabu vya sheria na jiko la mafuta ya taa.

Kapteni alimshukuru mama yule mpaka mama alipoaga dunia. Lakini ukimpa chai mbili tatu akalegea, alikuwa anasema, "Zile buti zilikuwa bado nzima."

KaraniWaMasjala

@MzeeWaNgara umenichekesha siku ya huzuni. Hadithi ya buti niliisikia mara nyingi, ila ya mama mwenye nyumba hakuwahi kunimalizia.

Baada ya hapo chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wanafunzi walirudishwa makwao na wakatakiwa kuripoti kwa machifu. Kapteni naye akawa anapanga foleni ofisini kwa chifu kijijini kwao, na chifu mwenyewe alikuwa kijana mdogo kwake. Kufungwa huko ndiko kulikomfanya karani. Aliporuhusiwa kurudi Nairobi alipata kazi ya mkono katika ofisi ya mawakili fulani mjini: kupeleka nyaraka, kupanga faili, kusubiri masjala ifunguliwe. Ndiyo maana hakuwahi kunidharau. Mawakili wengine wanamtuma karani kama mtoto wa dukani, yeye alijua foleni ya masjala inavyochosha miguu.

Na alijua kazi yenyewe kuliko mimi. Aliponifundisha kuandaa bunda la ushahidi, aliketi nami chini sakafuni. Karatasi zinapangwa kwa tarehe, ya zamani juu. Nambari ya ukurasa unaiandika pembe ya juu kulia kwa penseli, zote, mpaka mwisho. Unakunywa chai. Unarudi unahesabu tena. Zikilingana ndipo unazipitia kwa kalamu ya wino. Nikamuuliza kwa nini tusiandike wino moja kwa moja tuokoe muda, akaniambia nitajua siku jaji atakapomwambia wakili afungue ukurasa wa 47 na ukurasa wa 47 haupo.

Mahakama za Nairobi zilipoanza kupokea kesi kwa mtandao Julai 2020 alikuwa mtu mzima sana. Akakubali. Lakini kila nilichopakia alitaka kichapishwe, kipigwe nambari kwa penseli, kisha kwa wino.

HapanaChuki

Poleni kwa msiba. Ila tusimpake marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndugu yangu alimpa kesi ya ploti Embakasi. Upande wa pili ulikuja na pesa nzuri tu, kesi iishe nje ya korti. Kapteni akakataa katakata akamshauri ndugu yangu akatae, eti hati zetu ni safi. Miaka ikapita, tukashindwa. Huyo mzee kila kitu kwake kilikuwa vita. Na sauti ile! Ulikuwa ukimsikia kutoka orofa ya chini akimfokea mtu kwa sababu ya kuchelewa dakika tano.

KaraniWaMasjala

@HapanaChuki sikukatazi. Mapatano hakuyapenda, na nadhani hapo alikuwa na upungufu. Kuna wateja waliohitaji pesa kidogo leo kuliko haki yote baada ya miaka kumi, na yeye hakuwa mwepesi wa kuliona hilo. Ada zake pia zilikuwa za chini mno, jambo ambalo nje linaonekana ni ukarimu, lakini sisi wa ndani tulikuwa tukipokea mshahara tarehe ambazo mwenye nyumba hazijui. Mke wangu hakuwahi kuwa shabiki wake.

Kufoka alifoka. Kwa waliochelewa hasa. Lakini sikuwahi kumsikia akimfokea shahidi, hata wa upande wa pili. Kwa shahidi sauti ilishuka kabisa.

MwanasheriaMtarajiwa

Samahani kuingilia, mimi niko Kenya School of Law. Tulisoma juu juu kuhusu mahakama za kijeshi, na darasani watu huona kama ni mchezo wa kuigiza tu, mkubwa ameshaamua. Kapteni alizichukuliaje? Alitetea huko hasa?

KaraniWaMasjala

Alitetea, na ndiko alikojengea jina. Nitakueleza alivyokuwa akieleza wanafunzi waliokuja kufanya mazoezi ya uwakili kwetu. Mimi ni karani, ukiona pengo uliza mwalimu wako.

Sheria ya zamani ya majeshi, Sura ya 199, iliweka afisa wa jeshi kuwa mwenyekiti wa mahakama. Mwanasheria alikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kushauri. Wanaoamua ni maafisa, na wote wana mkubwa mmoja huko juu. Kapteni hakuwa akisema maafisa hao ni waovu. Alisema wamechoka, wana kazi nyingine, na wamezoea kwamba mkubwa akisema jambo, jambo limekwisha. Katika mazingira hayo mshtakiwa asiye na karatasi mkononi hana kitu.

Katiba ya 2010 ikaja ikazitaja mahakama za kijeshi katika Kifungu cha 169, kwenye orodha moja na mahakama za mahakimu na za Kadhi. Kisha Sheria ya KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) ya 2012 ikageuza kiti: anayeongoza sasa ni mwanasheria anayeteuliwa na Jaji Mkuu, na maafisa wanakaa kama wanachama, wasiopungua watano mshtakiwa akiwa afisa, wasiopungua watatu akiwa wa vyeo vingine. Siku Kapteni alipoisoma sehemu hiyo aliniita ofisini kwake, akanisomea kwa sauti, akanisomea tena.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa Kifungu cha 24 na cha 25 vya Katiba vikiwekwa ubavu kwa ubavu. Serikali ilipenda kusema kwamba mwanajeshi hana haki zote kama raia. Kweli, 24(5) inaruhusu sheria impunguzie baadhi: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, za kiuchumi na kijamii, na zile za mtu aliyekamatwa. Kapteni alikuwa akiisoma orodha hiyo polepole mbele ya mahakama, moja baada ya nyingine, halafu anauliza: Kifungu cha 50, cha kusikizwa kwa usawa, kiko wapi humo? Hakimo. Kisha anafungua 25, inayosema haki ya kusikizwa kwa usawa haiwezi kupunguzwa hata kidogo. Anaketi. Mara nyingine hakuongeza neno.

Alishinda zote? Wapi. Lakini waliokata rufaa Mahakama Kuu walikwenda na kumbukumbu iliyokamilika, kila ombi la hati limeandikwa, kila kukataliwa kumeandikwa. Alikuwa anamwambia mteja waziwazi: leo huenda tukapigwa, tunaandikia jaji wa kesho.

Kuhusu wale wanahewa wa 1982, naona kuna mtu atauliza. Kesi zao katika mahakama ya kijeshi ya Lang'ata zilipokuwa zikiendelea yeye alikuwa mwanafunzi aliyefungiwa chuo, hangeweza lolote. Mamia walifungwa. Viongozi wa mapinduzi, kina Hezekiah Ochuka, walinyongwa gereza la Kamiti 1987. Jeshi lenyewe la Wanahewa lilivunjwa likaundwa upya kwa jina jingine. Waliotoka jela walianza kuja ofisini kwetu miaka mingi baadaye, watu wazima, wengine hawana hata barua ya kuonyesha waliwahi kuajiriwa. Kulipokuwa na nafasi ya kudai fidia kwa mateso na kuzuiliwa, aliwafungulia kesi. Majaji wengine walikubali, wengine waliuliza mbona mmekawia hivyo. Swali hilo lilimpandisha mori kuliko yote. Nani angethubutu kumshtaki Moi 1985, na wakili gani angeipeleka karatasi hiyo masjala?

MwanasheriaMtarajiwa

Asante mkuu. Hiyo ya 24(5) nimeinakili. Kesho mwalimu atanikoma.

BintiWaKahawa

Nimesoma huku machozi yananitoka na kicheko kwa wakati mmoja. Mimi ni mtoto wa kambi, Kahawa. Baba alikuwa koplo, akafariki ghafla tukiwa wadogo. Mama hakujua pa kuanzia. Wajomba wa upande wa baba walikuwa wameshaanza kuulizana shamba litapimwa lini.

Mtu akamwelekeza kwa Kapteni. Mama alinibeba mgongoni akanikalisha kwenye benchi la mbao. Nakumbuka alivyomwandikia kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, hatua zote: barua ya chifu inayotaja warithi wote, shahada ya kifo, ombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungoja mwenye pingamizi, hati ya usimamizi, kisha miezi 6 ndipo ithibitishwe na mali igawanywe. Kando ya kila hatua akaacha kisanduku cha kutia alama. Mama hakusoma sana, ila visanduku alivielewa. Karatasi ile ilikaa ndani ya Biblia.

Siku ya kuandika warithi mjomba mmoja akasema mabinti wasiandikwe, wataolewa. Kapteni akamjibu kwamba sheria ya urithi inafanya kazi tangu 1981 na haijui mtoto wa kuolewa, inajua mtoto. Akaniuliza jina langu kamili mimi mwenyewe, sio mama. Nikamwambia. Akaliandika huku ananitazama kama mtu mzima aliyekuja ofisini kwa shughuli zake.

Malipo alichukua. Watu wasidhani alifanya bure. Mama alilipa kidogokidogo na kila mara alipewa risiti.

Sajenti_Mstaafu

Risiti hiyo naiamini kabisa.

MzeeWaNgara

Swali: kwa nini alishikilia "Kapteni" wakati alikuwa wakili miaka mingi kuliko alivyokuwa mwanajeshi? Wenzake wengine wakiacha na cheo hicho hawakitumii.

KaraniWaMasjala

Hakushikilia yeye, ni mji uliomshikiza. Kwenye kibao cha mlangoni palikuwa na jina lake na neno "Wakili" tu. Wateja wake wengi walikuwa wanajeshi na wajane wao, nao wangemwitaje? Hata mahakimu wawili watatu walikuwa wakiteleza. Kuna jambo moja la jeshi ambalo alilitunza kwa makusudi, nalo ni viatu. Alivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi, na kabla ya kuingia kortini alipita pale kwenye sanamu ya askari watatu, Kenyatta Avenue, hata kama njia ilikuwa ndefu zaidi. Wanafunzi wapya aliwasimamisha hapo wasome maandishi, yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yule wa tatu pale ni mbeba mizigo. Aliwauliza ni nani kati ya hao watatu angekuwa na pesa ya kuajiri wakili. Jibu hakulitoa, alitazama saa akawaambia tunachelewa.

Mawigi yalipoondolewa na Jaji Mkuu Mutunga 2011, watu walidhani mzee atanung'unika. Alisema afadhali, yalikuwa yanawasha.

HapanaChuki

Haya. Mimi bado na kesi yangu ya ploti, ila nakubali bunda la karatasi alilotuachia ni safi. Wakili mpya alisema hajawahi kupokea faili kama lile. Rufaa tuliipeleka nalo na bado inaendelea.

KaraniWaMasjala

Shukrani kwa kusema.

Sasa la muhimu kwa walio na kitu ofisini. Familia imenikabidhi kazi ya kurudisha nyaraka asili: hati za mashamba, shahada za vifo na vyeti vya kuachishwa kazi jeshini. Kila kitu kimeorodheshwa. Mwenyewe aje na kitambulisho, atie sahihi kwenye kitabu. Kama mwenyewe amefariki, mrithi aje na hati ya usimamizi. Msimtume mtu wa boda. Kesi zilizo hai zimechukuliwa na wakili kijana aliyefanya mazoezi yake kwetu, na mbili zitatajwa wiki ijayo Milimani, nimeshawapigia wahusika.

BintiWaKahawa

Cheti cha baba cha jeshi nadhani kiko huko. Nije siku gani?

KaraniWaMasjala

Kiko, nimekiona leo. Njoo Jumatano kabla ya saa saba, na uje na viatu vya kutembea. Lifti haifanyi kazi.